Mstari wa Kumi na Saba

Jumatatu, 2 Oktoba 2023

Kikao cha kuandaa sherehe. Mvua tangu alfajiri, na jiko la kuni la ofisini linatoa moshi tu. Mkuu wetu wa shule, Bwana Iturra, alikuja na kompyuta na picha za kuonyesha ukutani. Alisema — kwa upole, siwezi kumsingizia — kwamba Sherehe ya Kijerumani ya shule yetu imezeeka. Anataka magari ya kuuza chakula uani, jukwaa la muziki wa vijana, na keki ziagizwe kwa mwokaji mmoja wa mjini. Zote saizi moja, zimekatwa kwa mashine.

Kwa mashine!

Nikamwuliza, na meza? Meza yetu ya keki inaanzia karibu na mlango wa ukumbi mpaka chini ya jukwaa. Keki arobaini na tatu, nyumba arobaini na tatu za wahamiaji wa Kijerumani hapa Chile, kila nyumba na keki yake ile ile tangu mwaka 1951. Daftari ninalo mimi. Kabla yangu alikuwa nalo mama, na kabla ya mama, Bi Held.

Akasema, "Sawa, Mwalimu. Nionyeshe watakaooka mwaka huu."

Kumi na tisa. Waliobaki wamekufa, au wamehamia Santiago, au hawana tena mtoto hapa shuleni. Na keki lazima ibebwe na mtoto wa shule. Anasimama nayo mlangoni, bendi inapiga, jina la nyumba linasomwa, watu wa nyumba hiyo wanasimama. Wakishasimama ndipo mtoto anatembea mpaka mezani. Hivyo tu. Lakini nimeona wanaume wazima, wafugaji wenye mikono kama makoleo, wakijifuta macho kwa hivyo tu.

Amenipa mpaka Ijumaa tarehe 20. Nikileta majina arobaini, meza inabaki. Nisipoleta, mwokaji.

Sikumwambia kwamba hata mstari wa kumi na saba wa daftari hauna mtoto. Keki ya rubarbi, vile vishina vyekundu vichachu, nyumba ya Minte. Mstari wangu mwenyewe.

Jumanne, 3 Oktoba

Nimelisoma daftari lote, ukurasa kwa ukurasa. Watu wanasema sherehe hii haijawahi kubadilika. Waongo! Mwaka 1960, baada ya tetemeko, ukumbi ulikuwa umelala chini. Waling'oa milango ya nyumba zao wakaifanya meza uani. Mwaka 1969 hotuba ilisomwa kwa Kihispania mara ya kwanza, na Bi Held ameandika pembeni: "Wawili walitoka nje. Walirudi keki zilipokatwa." Bia iliondoka nikiwa mwalimu kijana. Soseji zikawa ndani ya mkate wa Kichile, na pilipili juu. Wakati wa korona tuligawa keki kupitia madirisha ya magari, barakoa usoni, na bendi ilipiga ikiwa juu ya lori.

Yote hayo tuliyaweza. Halafu nikafika ukurasa wa mwisho.

Orodha ya Sahani. Mwandiko wa mama, 1978. Nyumba zisizo na keki zilete sahani za karatasi na zioshe vyombo. Mwaka ule zilikuwa nyumba nne. Sasa ni mia moja na tisini. Cárcamo, Huenchur, Oyarzo, Mansilla, Paillacar, wala jina moja la Kijerumani. Nani aliamua? Nimetafuta uamuzi huo mbele na nyuma. Hakuna kikao wala kura. Iliandikwa mara moja, basi, miaka arobaini na mitano tumeinakili.

Na mimi nimeinakili mara ngapi! Kwa kalamu ya wino, tena kwa mwandiko mzuri.

Nimepiga moyo konde. Mistari ishirini na minne iko wazi, na nyumba mia moja na tisini ziko mlangoni. Kuna haja gani ya mwokaji?

Alhamisi, 5 Oktoba

Nilimngoja Yessenia Paillacar getini saa ya kuchukua watoto. Anafanya zamu kiwanda cha samaki, macho yake yana uchovu wa kudumu, lakini ulimi hauna uchovu hata kidogo. Binti yake Millaray yuko darasa la tatu — mtoto mmoja mkimya, mwangalifu, anayefunga kamba za viatu mafundo mawili.

Nikamwambia nataka achukue mstari wa kumi na saba. Aoke yeye, abebe Millaray.

"Rubarbi? Hiyo si yenu?"

"Ilikuwa yetu. Mwanangu Reinhard yuko Santiago na hana mtoto."

"Bi Edelgard, miaka tisa nimeleta sahani. Mwanangu mkubwa amesoma hapa mpaka akamaliza, nikaleta sahani. Leo mmekosa watu ndio mnatukumbuka?"

Nilijibu ndiyo. Ningesema nini? Ndiyo, tumekosa watu.

Alicheka. Akasema angalau sijamzunguka. Akaomba nimwandikie namna ya kuoka. Nimeandika leo leo, ukurasa mzima, mbele na nyuma.

Jumapili, 8 Oktoba

Baada ya ibada nimezunguka kwa vikongwe kuomba maelezo ya keki zao, ili akina mama wapya wapate kujifunza. Nilidhani nitafukuzwa. Kumbe walinikaribisha, chai, mkate, jamu. Wote wameandika!

Hata Gerda Schwerter. Miaka themanini na minne, nyonga ya chuma, fimbo, na keki ya jibini ambayo watu wanaizungumzia hadi mji wa Osorno.

"Unawapa watu wa sahani?"

"Nawapa wazazi wa shule, Gerda."

"Mama yako angekuona!"

"Mama yangu angeanza kuhesabu keki, angefika kumi na tisa, angekaa chini."

Akavuta karatasi, akaandika haraka, hakuinua kalamu. Nilitoka pale nimefurahi mpaka nikasahau mwavuli.

Jumamosi, 14 Oktoba

Jaribio la kuoka, jikoni mwa shule. Akina mama tisa wa kwanza waliokubali, keki tisa. Nimechoka, nina hasira, nitaandika kidogo.

Ya jibini imebonyea katikati. Ya plamu chungu. Ya tufaha ngumu, kisu kimekwama. Ya Yessenia, yaani yangu, ya rubarbi, imelowa chini — ukiinua kipande, kitako kinabaki kwenye sinia.

Akina mama wale walikuwa wanatazamana tu. Bi Oyarzo alisema kwa sauti ndogo, labda tuendelee na sahani. Gerda alikuwa amekuja "kuangalia". Akaonja zote tisa kwa uma mdogo. "Masikini. Wamejitahidi."

Nilimwona pembe ya mdomo ikicheka.

Jumapili, 15 Oktoba

Sikusikia neno moja la mahubiri.

Naandika ili nisijidanganye. Kwenye keki ya rubarbi, kabla ya kupanga vile vishina, unanyunyiza chenga za mkate mkavu juu ya unga uliokandwa. Zinanyonya maji. Bila hizo, kitako kinalowa. Nalijua hilo tangu nina miaka saba.

Sikumwandikia Yessenia.

Sikukusudia! Au nilikusudia? Mkono uliandika unga, siagi, hamira, sukari, ukaruka, ukaendelea na rubarbi. Ndivyo mama alivyokuwa akiwapa majirani. Ndivyo sote tunavyotoa. Unampa mtu keki yako, unabaki na kitu kimoja, ili akioka aseme "mbona haiwi kama yako?" Tunaona ni mzaha. Kila mtu anajua, hakuna anayesema.

Ila Yessenia hajui. Hakuna aliyemwambia kwamba kwetu ukipewa karatasi umepewa karatasi pungufu. Na nilimpa mstari wangu kwa mkono mmoja nikamnyang'anya kwa mwingine. Naona aibu. Nimekaa na aibu hii tangu asubuhi, na haijapungua.

Jumatano, 18 Oktoba

Nilikuwa nimepanga kwenda kwake jioni. Amenitangulia. Saa tisa mlango unagongwa, Yessenia na sinia lililofunikwa kitambaa.

"Onja."

Nikaonja. Juu ni keki ya mama yangu. Chini pakavu, pamekaza, na kuna harufu ya kitu kilichoungua kidogo, kizuri, kama asubuhi ya nyumba ya mtu mwingine. Nikamwuliza ameweka nini.

"Unga wa ngano ya kukaanga. Wa mama. Maji yalikuwa yanatulowesha, nikajiuliza, nyumbani kwangu nini kinakunywa maji?"

Unga ule ule wanaoukoroga na maziwa asubuhi! Reinhard aliulilia sana alipokuwa mdogo, na mimi nikamwambia hicho si chakula chetu.

Hapo ningeweza kunyamaza. Ilikuwa rahisi kabisa — keki nzuri, mgeni amefurahi, chai iko mezani. Nikasema, "Yessenia, huwa kuna chenga za mkate mkavu pale. Mimi huziweka. Sikukuandikia."

"Ulisahau."

Alinipa na mlango wa kutokea! Nikasema hapana. Nikamweleza desturi yetu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuwa mbaya.

Hakupaza sauti. "Nimeoka mara nne, Bi Edelgard. Natoka zamu saa kumi na mbili asubuhi, nakwenda jikoni. Mara nne. Nilidhani ni mkono wangu."

Akafunika sinia lake, akaondoka nalo.

Ijumaa, 20 Oktoba

Siku ya mwisho aliyonipa Mkuu. Saa nne nimewaita vikongwe wote nyumbani. Nimewaongopea kwamba ni chai.

Walipokwisha kukaa nikasema: mimi nimeacha chenga za mkate. Nani mwingine ameacha nini?

Vijiko vimesimama hewani. Halafu Bi Opitz akakohoa. "Kijiko cha siki." Yule wa plamu: "Mimi... sukari niliandika nusu." Wa tufaha: "Dakika ishirini zaidi niliziongeza." Wakaanza kucheka, kicheko cha watoto waliokamatwa darasani, na mmoja akageukia jirani yake: "Kumbe miaka thelathini yote hiyo ni siki!" Gerda peke yake alikuwa ametazama dirishani.

"Gerda?"

"Nilisahau. Mimi mzee."

"Gerda."

"Ganda la limau! Na inapoiva usiitoe, zima moto, acha mlango wa oveni wazi, iachwe humo saa nzima. Haya. Umefurahi? Sasa nife."

Nimeandika yote kwa kalamu nyekundu na nimezipeleka karatasi nyumba kwa nyumba, kwa miguu yangu, na kila mlangoni nimesema kilichotokea na kuomba jina. Wengine wamenuna. Bi Oyarzo alisema, "Na mimi nina mchuzi wangu wa kome, dada yangu mwenyewe hajui siri yake. Lete hiyo karatasi." Saa kumi nilikuwa ofisini kwa Mkuu na majina arobaini na mawili, kumi na tisa ya zamani, mengine ya nyumba za sahani.

Akahesabu mara mbili. Akatabasamu, kwa kweli alitabasamu. "Na huu wa kumi na saba? Umeweka alama ya kuuliza."

Nikamwambia huo ni wangu, nitaushughulikia.

Meza imebaki. Nilipaswa kurukaruka. Nimekula mkate na jibini nikiwa nimesimama.

Jumatatu, 23 Oktoba

Gerda amepiga simu. "Oka mwenyewe rubarbi yako, kitukuu changu aibebe, mambo yaishe. Yule hatarudi. Ningekuwa mimi nisingerudi."

Nikakataa. Akasema nina shingo ngumu kama baba yangu. Nikasema afadhali mstari ubaki mtupu, watu waone pengo na waniulize, nami niwajibu.

Yeye akauliza: "Unga wa kukaanga, eti? Unaingia vizuri?"

Nimemkatia simu. Halafu nikampigia tena nikamwambia: unaingia vizuri sana.

Ijumaa, 27 Oktoba

Sikukuu ya makanisa yetu, shule imefungwa. Baada ya ibada nilipanda kilima hadi kwa Yessenia. Nilibeba rubarbi za bustanini kwangu, sikubeba maneno. Maneno nilikwisha kuyasema na hayakusaidia.

Alifungua mlango akiwa na taulo kichwani. Nikamwambia nimekuja kujifunza keki yake.

"Yangu?"

"Ya unga wa kukaanga. Mimi siijui."

Ameniacha nimesimama kizingitini muda wa kutosha mtu kusali sala ya Bwana mara mbili. Halafu akasogea pembeni.

Alinikandisha. Mimi, miaka sitini na mmoja, nakandishwa! "Siyo hivyo, unaubembeleza, ukande." Mama yake alikuwa kwenye kiti karibu na jiko, akipepeta ngano, akinicheka waziwazi bila meno. Ngano iliingia kikaangoni, ikaanza kuruka, na Yessenia akanigeuzia mgongo akafanya jambo fulani pale, kitu alichochota kwenye kopo kwa vidole viwili. Sikuona. Sikuuliza. Ni haki yake.

Nilipokuwa natoka nikasema, kesho?

"Nitaona. Nina zamu usiku."

Lakini sebuleni, nyuma yake, Millaray alikuwa anatembea na ubao wa kukatia mboga mikononi. Polepole, macho mbele, anageuka ukutani, anarudi. Aliponiona alisimama, akaniita kama watoto wanavyotuita walimu. "Shangazi Ede, ni kweli nisitembee mpaka watu wangu wasimame?"

Nikamwambia ni kweli. Hata bendi ikipiga mara kumi.

Jumamosi, 28 Oktoba

Saa tatu na nusu. Ukumbini. Nimekaa mwisho wa meza, kazi yangu ni kutia alama kila keki inayoingia, kwa hiyo kalamu iko mkononi na naweza kuandika humu humu. Meza imetandikwa vitambaa vyeupe kutoka mlangoni hadi jukwaani. Yessenia amefika! Nimeliona sinia kwenye kiti cha nyuma cha gari la jirani yake. Hakunisalimu, alikuwa anakimbia. Haidhuru. Sinia lipo.

Saa nne na nusu. Mawingu yanashuka ziwani, Mkuu ameogopa mvua, anaanza nusu saa mapema. Watu mia nne na zaidi. Gerda yuko kando yangu, fimbo magotini.

Na. 1. Held, tufaha. Wamesimama watatu. Alama.

Na. 4. Opitz. Mtoto ametembea vizuri sana. Bi Opitz analia na siki yake.

Na. 9. Ilikuwa ya marehemu Bi Wulf. Mkuu amesoma: Oyarzo! Wamesimama kumi na wanne, mpaka na mtoto mchanga, na mjomba mmoja amepiga mluzi. Gerda: "Hawa wamekuja ukoo mzima." Nikamwuliza, na kwenu mtasimama wangapi? "Mimi na fimbo."

Na. 13. Huenchur, jibini. Haijabonyea! Gerda amenyoosha shingo kama bata mpaka ikapita.

Na. 16. Alama.

Na. 17. Yuko mlangoni. Nywele zimesukwa, mafundo mawili kwenye viatu. Sinia ni pana kuliko mabega yake. Mkuu amesoma: "Rubarbi. Nyumba ya Paillacar!"

Hakuna aliyesimama.

Natafuta kwenye viti. Bibi yake hakuweza kushuka kilima. Yessenia yuko wapi? Gerda: "Yuko jikoni, nimempita nikiingia. Mikono yote kwenye sabuni."

Ratiba ya vyombo! Saa nne hadi saa tano, zamu ya kwanza ya nyumba za sahani, Paillacar mmojawapo. Niliichapa mimi, 2009, na kila mwaka hutundikwa ile ile ukutani. Nimebadilisha daftari zima, ratiba nimeiacha. Mimi! Na Yessenia hajawahi kuacha zamu. Alijua atamaliza saa tano, sherehe ikianza, na sisi tumeanza mapema.

Bendi imerudia mwanzo. Mkuu amerudia jina. Watu wanageuka, wananong'ona.

Nimesimama. Naandika nimesimama, mwandiko umeharibika. Gerda amenishika kiwiko, naye amejiinua na nyonga yake ya chuma. "Usinitazame, andika." Tumesimama wawili. Mkuu anampungia mtoto, njoo, njoo.

Haji. Ametutazama, mimi kisha Gerda, kwa adabu kabisa, kama unavyowatazama watu waliokosea nyumba. Halafu amegeuza macho kwenye mlango wa jikoni. Ameinua sinia kidogo, amekaza viwiko. Hatembei.

Nimemwita mama yake. Kwa sauti ya uwanjani, mbele ya watu wote hawa: "Yessenia!"

Bendi imekatika. Jikoni, bomba la maji limefungwa.